Kutumia "employ" kwenye wasifu wa kazi

Juzi kijana mmoja alikuja steshenari kwangu kuchapisha wasifu wake. Mstari wa pili ulisema: "I employed at a hotel from 2017 to 2021." Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa umeandika kwamba wewe ndiye uliyeajiri watu." Akashtuka: "Dada, mimi nilikuwa mhudumu tu!" Tulikaa nao mstari huo hadi adhuhuri.

Hatua ya 1. Jiulize mshahara unatoka kwa nani. Huyo ndiye anayetangulia "employ" tupu: "The hotel employs 40 people."

Hatua ya 2. Kama wewe ndiye unayelipwa, geuza kitenzi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Sisi tunaongeza "-wa" mwishoni, ajiri ikawa ajiriwa, basi. Kiingereza hakina "-wa". "Employed" peke yake ni "aliajiri". Ili iwe "aliajiriwa" lazima "was" itangulie. Ukiisahau, mhudumu amekuwa bosi.

Halafu angalia wakati, maana "nimeajiriwa tangu 2019" hutuponza. Ukiandika "I was employed since 2019" umekosea, na "I am employed since 2019" vilevile. Kama bado uko kazini, andika "I have been employed since 2019". Kazi ikiwa imekwisha, ndipo useme "I was employed from 2017 to 2021". Mwajiri mtangulize kwa "by", cheo kwa "as": "I was employed by a hotel as a waiter." Lakini kwenye wasifu mimi napendelea kabisa "I worked as a waiter". Ni fupi, na haina mtego wa "was". Kijana naye aliichagua hiyo.

Hatua ya 3. Mwajiri ni "employer", mwajiriwa ni "employee". Kwenye usaili kaza sauti mwisho kabisa: employ-II. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo maneno haya mawili hukaribia kufanana masikioni.

Hatua ya 4. "Employ" pia ni kutumia, ila kwa lugha rasmi: "employ a method". Kijiko, kalamu, simu, sema "use". Gari la kukodi ni "hire". Mtu naye huweza kuwa "hired", ila hiyo ni siku anayochukuliwa kazini. "Employ" ni kuendelea kuwa naye.

Na wewe mwenye bodaboda yako, usiandike kwamba huna kazi. Andika "self-employed".