Venye utajua kama nguo ama mkoba uko na kitu cha mnyama ndani

Mimi hushona mikoba hapa Kisumu, kitambaa natoa soko la Kibuye, sanasana jinzi za mtumba. Juzi juzi kastoma wa vigani (wale hawatumii kitu chochote cha mnyama) akaagiza mkoba, akasema hataki hata uzi wa mnyama, nikamwambia usijali mama, jinzi ni pamba tu. Siku ya kuchukua akaugeuza akaweka kidole kwa kile kiraka cha nyuma ya jinzi chenye huandikwa jina la kampuni, mimi nilikuwa nimekiacha kiwe urembo. "Na hii?" Ngozi ya ng'ombe. Nilibaki nimeshika mkasi nikiangalia chini.

Sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1, soma lebo yote. Mtumba mwingi umetoka Ulaya na lebo zao huwa na vifupisho: WO ni sufu ya kondoo, SE hariri, WS kashmiri, WM mohea ya mbuzi, hizo zote ni mnyama. CO ni pamba, LI kitani, VI ama CV viskosi (hiyo hutengenezwa na mti), PES ama PL ni polista. Kwa Kijerumani Seide ni hariri na Leder ni ngozi, Kifaransa ni soie na cuir. Halafu kuna sentensi moja ukiiona rudisha nguo kwa rundo: "contains non-textile parts of animal origin". Sheria ya Ulaya ndiyo hulazimisha iandikwe, maana yake kitambaa kinaweza kuwa pamba safi lakini kuna ngozi, pembe, mfupa ama manyoya mahali.

Kiatu nacho huwa na vipicha. Ngozi iliyotandazwa ni leda, wavu ni kitambaa, umbo la almasi ni vitu vingine kama plastiki ama raba. Angalia sehemu zote tatu, juu, ndani na soli, maana kiatu kinaweza kuwa plastiki nje na ngozi pale mguu unakaa.

Hatua ya 2, lebo imekatwa? Choma uzi. Vuta kauzi kutoka mshono wa ndani, shika na kibano juu ya bakuli ya maji, washa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi, na jivu lake ni la kijivu, ukiligusa linapotea. Sufu na hariri hunuka nywele zimeungua, ile harufu ya saluni pasi ikizidi moto, halafu huzimika zenyewe na kuacha kadonge keusi kenye kanavunjika kwa vidole. Polista huyeyuka na donge lake ni gumu kama kokoto. Kitambaa cha mchanganyiko kitakupa harufu mbili so choma nyuzi kadhaa, za kulala na za kusimama.

Usidanganywe na satini, hiyo ni njia tu ya kufuma, inaweza kuwa hariri ama polista.

Hatua ya 3, vitu vidogo: vifungo vya pembe ama chaza, manyoya ya bata ndani ya jaketi, gundi ya mnyama. Na kiraka cha jinzi, nisirudie.

Hatua ya 4, stampu, na hapa ndio watu hupotea. GOTS ni ya nyuzi za kilimo asilia, angalau 70%, lakini inakubali sufu na hariri, kwa hivyo sio ya vigani. OEKO-TEX Standard 100 hupima kemikali mbaya tu. KEBS, ile ya shirika la viwango la Kenya, ni ubora. Zenye zinaongea juu ya mnyama ni kama alama ya The Vegan Society ya Uingereza (ile yenye alizeti, iko tangu 1990), PETA-Approved Vegan, na V-Label.

MASWALI

Swali: Ngozi ya samaki mbuta je? Si ni taka tu ya viwanda vya minofu?
Jibu: Ni taka kweli na mikoba yake ni mizuri, lakini mbuta ni mnyama. Mtu wa vigani hatachukua.

Swali: Na leda feki si ni plastiki, inababuka na jua?
Jibu: Ndio, PU na PVC ni plastiki, haina mnyama lakini usiite ya mazingira. Hata Piñatex ya majani ya nanasi hupakwa tabaka la plastiki juu. Mimi naona turubai ya pamba, mkonge ama hayasinti ya ziwa inashinda zote, shida ya hayasinti ni ukiikausha vibaya inaota ukungu.

Swali: Naeza weka ile alizeti kwa lebo yangu, si mkoba hauna mnyama?
Jibu: Hapana, ile alama iko na mwenyewe na lazima wakupe ruhusa kwa kila bidhaa. Andika ukweli wako: pamba, zipu ya plastiki, gundi gani, na uweke risiti za mwenye alikuuzia.

Swali: Mito ya sufi pia tuache?
Jibu: Sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti wa msufi. Lala tu.

Swali: Nimepeana sweta yangu kwa jirani juu imeandikwa Baumwolle, na Wolle ya Kijerumani najua ni sufu. Nilifanya poa?
Jibu: Baumwolle ni pamba. Enda ukaiombe kabla haijafuliwa.