Kupima urefu wa maisha ya nzi wa matunda katika maabara ya shule

Wakulima wa maembe hapa Tabora wakisikia "nzi wa matunda" humfikiria yule anayetoboa embe na kutaga ndani yake. Tunayemhitaji ni mwingine, Drosophila melanogaster, mwenye macho mekundu na urefu wa milimita tatu hivi, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba majike ambao nakala zao zote mbili za jeni ya chico zimeharibika waliishi hadi asilimia 48 zaidi. Jeni hiyo huunda protini inayopitisha ujumbe wa insulini ndani ya seli; ujumbe ukififia, protini ya FOXO huingia katika kiini na kuamsha jeni zinazoulinda mwili.

Hatua ya kwanza ni chakula. Pika uji wa unga wa mahindi, sukari, hamira na agari (unga wa mwani unaogandisha uji), na makundi yote, wenye jeni iliyobadilika na wa kawaida, yalishwe kutoka sufuria moja, kwa maana hamira ikizidi maisha ya nzi hufupika, nawe utaisingizia jeni.

Hatua ya pili ni ukoo, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Ukipata nzi wenye jeni iliyobadilika, usiwalinganishe na nzi uliowanasa sokoni, kwa kuwa koo hizo mbili zinatofautiana katika maelfu ya mambo mengine. Wazalishe na ukoo wa kawaida kwa vizazi sita au zaidi, kila kizazi ukichagua wenye badiliko lile, hadi tofauti ibaki karibu na jeni hiyo peke yake. Majike wa chico ambao nakala zao zote mbili zimeharibika huwa vibete na tasa, kwa hiyo ukoo hutunzwa kwa wale wenye nakala moja nzima, ambao nao, ingawa si vibete, waliishi hadi asilimia 36 zaidi.

Hatua ya tatu: usisongamanishe mabuu katika chupa. Katika nyuzijoto 25 nzi waliokomaa huanza kutoka baada ya siku kumi hivi. Wakusanye ndani ya saa 24, waache wapandane siku mbili, kisha tenga madume, ambao ncha ya tumbo lao ni nyeusi. Weka nzi kumi wa jinsia moja katika kila chupa, na chupa zote kwenye rafu moja yenye kivuli, kwa sababu joto la Oktoba huwamaliza upesi.

Kila baada ya siku mbili au tatu wahamishie kwenye chakula kipya na uhesabu waliokufa. Nzi mzee hulala chali juu ya uji akionekana amekufa; gonga chupa taratibu, na mguu ukitikisika mhesabu kuwa hai. Anayetoroka wakati wa kuhamisha asiandikwe amekufa. Nilifanya kosa hilo katika jaribio langu la kwanza na mchoro wote ukapotoka. Mwandike "ametoroka" pamoja na tarehe, ahesabiwe hai hadi siku hiyo, kisha aondolewe katika hesabu. Endelea hivyo mpaka nzi wa mwisho afe, ndipo uchore asilimia ya walio hai dhidi ya siku.