Tezi ya mmeng'enyo ya kamba wa maji baridi: namna ya kuitoa, kuihifadhi na kuisoma kwenye hadubini

Ukimfungua kamba kichwani, kitu cha kwanza kukutana nacho ni kinyama laini cha rangi ya kahawia inayoelekea manjano, kinachotawanyika ukikigusa tu. Mpishi anaona utamu wa supu. Sisi wa maabara tunaona tezi ya mmeng'enyo, yaani hepatopankrea, na sijui kiungo kingine cha kamba kinachoeleza mengi kama hiki kuhusu lishe yake, maji aliyoishi na afya yake. Kazi ambazo mwilini mwetu wamegawana ini, kongosho na ukuta wa utumbo mwembamba, kwa kamba zinafanywa na tezi hii moja. Inatengeneza vimeng'enya, inafyonza chakula, inaweka akiba ya mafuta na glaikojeni (wanga wa akiba wa wanyama), inatengeneza hemosianini, ile protini yenye shaba inayobeba oksijeni kwenye damu yake, na inazuia madini yaliyozidi yasizagae mwilini.

Kwa kuwa imejaa vimeng'enya, kamba akishakufa tezi huanza kujisaga yenyewe ndani ya dakika chache. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandikia ripoti ya ugonjwa kamba ambao hawakuwa wagonjwa. Waliletwa wakiwa wamekaa kwenye barafu tangu alfajiri, nikawapasua saa nane mchana. Slaidi zilionyesha mirija iliyobomoka na seli zilizong'oka zikajaa katikati. Msimamizi wangu aliangalia kidogo, akauliza, "Hawa walikufa saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata tulienda wenyewe mtoni na dawa ya kuhifadhia mkononi, tukachukua kamba wazima wa eneo lile lile, na mirija yao ilikuwa safi kabisa. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu muda kabla haijafika kwenye hadubini.

Ninaeleza kwa kamba wa jenasi Macrobrachium. Anayejulikana zaidi kwa ufugaji ni Macrobrachium rosenbergii, mwenye asili ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Huyu ndiye ambaye Shao-Wen Ling, akifanya kazi Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1960, aligundua kwamba lava wake (watoto waliotoka tu kwenye mayai) hawakui bila maji yenye chumvi kiasi. Mito ya pwani yetu ya Afrika Mashariki ina ndugu zake, mmojawapo Macrobrachium rude, na mpangilio wa tezi ni ule ule.

Hatua ya 1: Andaa dawa kabla hujamshika kamba

Dawa ninayotumia kuhifadhi tezi isioze ni ya Davidson. Kwa lita moja, changanya ethanoli ya asilimia 95 mililita 330, formalini mililita 220, asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji mililita 115, na maji mililita 335. Formalini ya kawaida peke yake inaingia polepole mno kwa tezi hii, na gamba linabaki gumu. Asidi iliyomo kwenye Davidson husaidia dawa kupenya na hulainisha gamba kidogo, jambo utakalolishukuru siku ya kukata. Vaa glavu na miwani, na fanyia kazi hii mahali penye hewa inayopita. Mvuke wake unauma macho na koo.

Kadiria dawa mara kumi ya ujazo wa kamba. Chupa iliyosongwa kamba watano kwenye dawa kidogo itakupa kamba mmoja mzuri na wanne waliooza.

Hatua ya 2: Chagua kamba

Awe hai na mchangamfu. Mbonyeze gamba la kichwa pembeni kwa kidole: likiwa gumu, yuko katikati ya vipindi viwili vya kujivua gamba, na huyo ndiye unayemtaka. Likiwa laini kama karatasi iliyolowa, ametoka kujivua. Tezi hujaza akiba kabla ya kujivua na kuitumia baadaye, kwa hiyo ukichanganya makundi hayo mawili utalinganisha vitu visivyolingana. Andika jinsia, urefu, saa na mara ya mwisho alipokula, kama unaijua.

Hatua ya 3: Jifunze ramani kwa kamba mmoja wa ziada

Kamba huyu si wa kuhifadhi. Ni wa kukufundisha mahali vitu vilipo. Mtulize kwenye maji ya barafu mpaka aache kujibu ukimgusa. Pitisha ncha ya mkasi mdogo chini ya ukingo wa nyuma wa gamba la kichwa, kata kuelekea mbele pande zote mbili, kisha inua gamba taratibu kwa kibano. Usizamishe mkasi, maana tezi iko karibu sana chini yake.

Juu, kwa nyuma, utauona moyo, mweupe na mdogo, wakati mwingine bado unadunda. Mbele yake, juu ya tezi, imelala ovari au korodani. Jike aliyekaribia kutaga huwa na ovari kubwa ya rangi ya chungwa inayoweza kuifunika tezi yote, na wageni wengi huikata hiyo wakidhani ndiyo yenyewe. Isogeze pembeni. Chini yake kuna tezi, kubwa kuliko kiungo kingine chochote hapo, imegawanyika pande mbili, kulia na kushoto, na imefunikwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Inaukumbatia mfuko wa chakula kiasi kwamba ukiutoa mfuko huo unabaki shimo lenye umbo lake.

Sasa fanya jambo moja ambalo picha za vitabuni hazikupi. Chana ule utando, chota kipande kidogo sana, kiweke kwenye sahani yenye maji ya chumvi kidogo na ukitingishe. Ile nyama iliyoonekana kama uji itajifungua kuwa vijirija vingi, kila kimoja kama kidole cha glavu kilichozibwa ncha. Tezi nzima ni vidole hivyo, vimeungana na vifereji, na vifereji vimeungana na mifereji mikuu inayofungukia pale mfuko wa chakula unapokutana na utumbo wa kati. Sehemu ya nyuma ya mfuko wa chakula ina kichujio cha vinywele, na umajimaji na chembe laini sana ndivyo vinavyoruhusiwa kuingia kwenye mirija. Mabaki makubwa huenda zake kwenye utumbo.

Hatua ya 4: Choma sindano, kisha zamisha

Kwa kamba wa kuhifadhi, mtulize kama mwanzo na usipoteze hata dakika. Vuta Davidson kwenye sirinji, choma kwanza kwenye tezi yenyewe kupitia ubavuni mwa gamba la kichwa, sehemu mbili au tatu, kisha mbele yake, halafu mkiani. Jumla ya dawa iwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake. Angalia rangi: tezi inayopata dawa hupauka na kupoteza ule mng'ao wa unyevu. Kipande kisichobadilika bado hakijafikiwa, kirudie.

Halafu chana gamba la kichwa upande mmoja kwa mkasi bila kugusa tezi, ili dawa ipite, na mzamishe mzima. Wadogo saa 24, wakubwa mpaka 72. Baada ya hapo wahamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ukiwaacha kwenye Davidson wiki nzima watakuwa wakavu na wabishi kwenye kisu.

Hatua ya 5: Kata, kausha, tia nta

Kata kichwa kwa urefu katikati, mstari mmoja kutoka machoni kwenda nyuma, na uweke upande uliokatwa chini kwenye kaseti, yaani kijisanduku chenye matundu cha kushikilia kipande. Kata kingine kwa upana. Utajua sababu tukifika kwenye kusoma.

Mengine ni ya kawaida ya maabara: ethanoli ya asilimia 70, 80, 95 na 100, zaileni, kisha nta ya parafini karibu nyuzi 58. Kata vipande vya maikromita 5 kwa maikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, na upake haematoksilini (rangi ya bluu) na eosini (rangi ya waridi) kwa muda unaopendekezwa na rangi uliyonunua. Tezi yenye mafuta mengi inahitaji kukaa zaidi kwenye ethanoli safi na zaileni, la sivyo nta haiingii katikati na kipande kinapasuka mbele ya kisu.

Hatua ya 6: Soma mrija kuanzia nchani

Anza na lenzi ndogo. Mirija iliyokatwa kwa upana inaonekana kama maua, na katikati ya kila ua kuna uwazi wenye umbo la nyota. Ukuta wa mrija ni safu moja tu ya seli, zimesimama kwenye utando mwembamba, na nje ya utando huo kuna wavu wa misuli myembamba sana inayoukaza mrija na kuulegeza ili umajimaji uingie na kutoka. Kati ya mirija kuna nafasi za damu. Hakuna seli ya mrija iliyo mbali na damu, na hiyo ndiyo siri ya tezi hii kufyonza vizuri.

Sasa tafuta kwenye kile kipande cha urefu mrija uliokatwa kutoka nchani hadi mdomoni mwake, unapofungukia kwenye kifereji, uufuate polepole kwa lenzi kubwa. Seli zake zinaitwa kwa herufi, zilizotokana na majina ya Kijerumani ya karne iliyopita.

Kwenye ncha iliyozibwa kuna seli E, za kiinitete. Ni ndogo, zimebanana, viini vyake vikubwa vimeiva bluu, na ukiwa na bahati utaikamata moja ikigawanyika. Zote za mrija huzaliwa hapa na kusukumwa kuelekea mdomoni, kwa hiyo kuutembea mrija kwa macho ni kutembea kwenye umri wa seli.

Mbele kidogo utaona seli F, ndefu, zenye mwili uliokolea zambarau. Rangi hiyo inatokana na RNA nyingi, molekuli zinazotumika kutengeneza protini, maana hapa ndipo protini za vimeng'enya zinapotengenezwa. Zinachanganyika na seli R, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, na mwili wake umejaa vitundu vidogo vingi vyeupe kama mkate wa sinia. Vitundu hivyo vilikuwa mafuta. Ethanoli na zaileni vimeyaondoa na kuacha nafasi yake. Ukitaka kuyaona mafuta yenyewe, lazima utenge kipande cha tezi mbichi, ukigandishe na ukipake rangi ya mafuta kama Sudan Black. Kamba aliyekaa na njaa hupungukiwa na vitundu hivi, na kwa mfugaji hiyo ni habari anayoweza kuifanyia kazi.

Seli B hutazikosa. Kila moja ni kubwa, imevimba, ina lengelenge moja linalosukuma kiini pembeni, na kilele chake kimeingia kwenye ule uwazi wa nyota. Zimejaa zaidi katikati ya mrija na kuelekea mdomoni. Kati ya seli R na malengelenge ya seli B ndipo wanafunzi wanapokosea zaidi. Hesabu matundu: mengi madogo ni R, moja kubwa ni B. Ukiangalia kwa makini ukingo unaotazama uwazi, utaona mstari mwembamba wa vinyweleo. Rangi ya PAS, inayoshika sukari na wanga, huutoa wazi zaidi, pamoja na glaikojeni.

Ndiyo maana nilisisitiza vipande viwili. Kata la upana lililopita karibu na ncha litakuonyesha seli E na karibu hakuna B. Lililopita karibu na mdomo litakuonyesha kinyume chake. Usihesabu seli na kulinganisha kamba wawili kabla hujajua uko sehemu gani ya mrija.

Hatua ya 7: Mgonjwa au aliyecheleweshwa?

Ukikuta seli zimeng'oka, angalia kwanza nafasi za damu kati ya mirija. Kamba aliyeumia akiwa hai mara nyingi hujibu: hemosaiti, yaani seli za damu yake, hujikusanya kuzunguka mirija iliyoharibika, na pengine kuna madoa meusi au kahawia ya melanini. Kisha linganisha mirija na mirija. Madhara ya ugonjwa mara nyingi hayafanani, huu umeoza na jirani yake mzima. Tezi iliyojisaga hubomoka karibu yote kwa pamoja, viini vimefifia, na hakuna hemosaiti zilizokuja. Ukiona hivyo, usiandike kitu kwenye ripoti. Rudi kwenye daftari, tafuta saa aliyokufa kamba na saa ulipomchoma sindano.