Tambi za kukaanga kwa tui la nazi: rangi, kipimo na lishe

Tambi za kukaanga, ambazo nyumba nyingi za Mombasa na Unguja huziandaa kwa futari, hupata ladha yake kabla tui halijaingia sufuriani. Kwa watu 6 andaa tambi nyembamba gramu 400, mafuta vijiko 4 vya chakula, tui jepesi mililita 700, sukari gramu 100, iliki iliyotwangwa, zabibu kavu na chumvi kidogo.

Hatua ya kwanza, zivunje tambi ziwe na urefu wa kidole. Pasha tui pembeni pamoja na sukari, chumvi na iliki, huku ukikoroga lisikatike. Tui la baridi hupoza sufuria, nazo tambi hulowa na kushikana kabla ya kuiva.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Pasha mafuta kwa moto wa wastani, tia tambi, kisha zigeuze kwa mwiko bila kupumzika, ukizileta juu zile za chini. Kwanza hufifia na kuwa nyeupe kama chaki, halafu huanza kupata umanjano, na harufu ya ngano iliyokaangwa hujaa jikoni. Usisubiri zote zifanane rangi. Nyingi zikifikia rangi ya asali, epua papo hapo, kwani mafuta ya moto huendelea kuzichoma, na zikiungua huacha uchungu ambao sukari haiufichi. Moto huo hugeuza sehemu ya wanga kuwa dekstrini, yaani wanga uliovunjika vipande vifupi, na mafuta huzizunguka tambi, ndiyo maana huiva zikiwa zimeachana.

Hatua ya tatu, rudisha sufuria motoni, mimina tui la moto ukijihadhari na mvuke, tia zabibu, funika na upunguze moto kwa dakika 8 hadi 10. Tui likikauka, palia makaa machache juu ya mfuniko kwa dakika 5.

Kuhusu lishe, gramu 100 za tambi kavu zina kalori zipatazo 350, nyingi zikitokana na wanga. Kukaanga hakuzipunguzi, vijiko 4 vya mafuta huongeza takriban 480 katika sufuria nzima, na kwa sababu hiyo sizidishi sukari. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili huzihitaji kutoka kwenye chakula, kwa hiyo mbaazi za nazi au mayai yawepo katika futari hiyo hiyo. Asiyeweza kula gluteni, yaani protini ya ngano inayonata, asizile, kwani moto hauiondoi.

Ukitaka tambi za chumvi, acha sukari, iliki na zabibu, kaanga tambi kwanza uziweke kando, kisha kaanga kitunguu na bizari nyembamba kabla ya kuzirudisha, kwa sababu maji ya kitunguu huzilainisha zisipate rangi.