Kuzilaza diski za hifadhi ya pamoja, tunavyofanya studio moja ya Moshi

Diski ambayo hakuna anayeisoma haina sababu ya kuzunguka usiku kucha. Kuilaza ni kuisimamisha isizunguke mpaka ihitajike. Umeme ukikatika hapa Moshi, seva yetu inabebwa na betri ya inveta, na kila wati inayoliwa bure inatupunguzia muda wa kazi. Natunza hifadhi ya studio ya video karibu na soko la Mbuyuni. Tunarekodi harusi, sendofu, kipaimara na misiba. Desemba, watu wanapopanda nyumbani Rombo, Marangu na Machame, mafaili huingia kwa fujo. Ikifika Machi hakuna anayeyagusa, mpaka siku familia ije kuomba video ya mzee wao aliyetangulia. Video hiyo lazima ipatikane. Kwa hiyo tunaokoa umeme, lakini kwa namna ambayo haiichoshi diski yenye kumbukumbu za watu.

Seva ni kompyuta ya kawaida yenye Debian (aina ya Linux), diski nne za inchi 3.5 za data, moja ya pariti (hesabu za kurudisha data diski moja ikifa), na SSD, yaani diski isiyozunguka. Diski ya aina hiyo ikizunguka bila kazi hula takriban wati 5. Ikilala hula chini ya 1. Diski tano ni wati 25, yaani uniti 0.6 kwa siku, au uniti 18 za LUKU kwa mwezi. Kwenye betri ndiko faida inakoonekana zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina takriban Wh 1,200, na kama ni ya asidi hushauriwi kutumia zaidi ya nusu. Wati 20 ukiziokoa kwa saa sita umepata Wh 120, moja ya tano ya nusu hiyo. Tena diski iliyolala imeshaegesha vichwa vyake, hivyo umeme ukikatika ghafla hailazimiki kuvirudisha kwa dharura.

Watu wengi huanza na saa ya kulalia. Mimi nakuomba uanze na jinsi hifadhi yako inavyogawa mafaili, kwa sababu hapo ndipo panapoamua kila kitu. Kwenye RAID 5, au ZFS ya diski nyingi, ambazo ni njia za kuunganisha diski ziwe kitu kimoja, faili moja la video limekatwa vipande na kutawanywa kwenye diski zote. Ukifungua video moja, zote zinaamka. Mfumo wa namna hiyo unalala wote au unakesha wote. Kama ofisi hufungwa jioni, ulaze wote usiku, na mchana uache uzunguke.

Sisi tunatumia mergerfs. Kila diski ina ext4 yake (mfumo wa mafaili wa Linux), na mergerfs inazionyesha zote kama folda moja, lakini faili zima linakaa diski moja. Ukicheza harusi iliyo diski ya tatu, ya nne haina haja ya kuamka. Ila unapaswa kuiambia namna ya kupanga, maana kwa kawaida yake matoleo ya sasa husambaza mafaili mapya kwa kubahatisha kufuatana na nafasi iliyopo, na harusi moja inaweza kutawanyika kwenye diski zote nne. Mstari wetu wa /etc/fstab, faili linaloiambia Linux diski za kupachika, ni huu:

/mnt/d4:/mnt/d3:/mnt/d2:/mnt/d1 /hifadhi fuse.mergerfs category.create=msplfs,minfreespace=100G 0 0

Sera ya msplfs huweka faili pale ambapo folda yake ipo tayari, na kati ya diski zenye folda hiyo huchagua yenye nafasi ndogo kuliko zote. Ikibaki chini ya GB 100, inahamia diski nyingine. Matokeo yake diski zinajaa moja baada ya nyingine: kazi za karibuni zinakaa pamoja, na za miaka ya nyuma zinabaki kwenye diski zisizoguswa. Sera ya mfs, inayopenda diski yenye nafasi kubwa, ni nzuri kwa kusawazisha, lakini kwa kulaza inaharibu.

Umeona nimeitaja d4 kwanza? Ndiyo inayojazwa sasa. Mergerfs ikitafuta faili la kufungua huuliza diski kwa mpangilio wa orodha, na ikilipata inaishia hapo. Diski yenye kazi nyingi ikiwa mwisho, zote zilizo mbele yake zinaweza kuamshwa bure. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hukumbuka majina ya mafaili kwenye RAM, na unaweza kuifanya iyashikilie kwa muda mrefu zaidi kwa kuweka kwenye faili la /etc/sysctl.d/hifadhi.conf:

vm.vfs_cache_pressure=10

Kawaida yake ni 100.

SSD haimo kabisa kwenye hifadhi ya pamoja. Kadi za kamera zinamwagwa /kazi, folda iliyo kwenye SSD, uhariri wote unafanyika huko, na video iliyokwisha kukabidhiwa inahamishwa /hifadhi kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) Jumamosi jioni. Hakuna mpangilio uliotusaidia kama huu. Diski kubwa hazishiriki tena kwenye fujo za kila siku.

Sasa saa ya kulalia. Tumia jina la diski la kudumu, lililo chini ya /dev/disk/by-id, kwa kuwa sda na sdb hubadilishana mashine inapowaka upya. Kwenye /etc/hdparm.conf, faili la hdparm, programu inayoipa diski amri, kila diski ina kifungu chake:

/dev/disk/by-id/ata-JINA_LA_DISKI {
spindown_time = 242
}

Namba hizi zina hesabu yake. Kuanzia 1 hadi 240 unazidisha kwa sekunde 5, hivyo 120 ni dakika 10. Kuanzia 241 hadi 251 ni nusu saa nusu saa: 241 ni dakika 30, 242 ni saa moja, 244 ni saa mbili. Diski zilizo kwenye kasha la USB mara nyingi hazisikii hdparm. Kwa hizo sakinisha hd-idle, programu inayozilaza yenyewe.

Usinishawishi niweke dakika 10. Kuamka ndiko kunakoichosha diski, na ndiko kunakovuta umeme mwingi kwa mkupuo, wati 20 na zaidi kwa kila diski. Kuna diski za mezani zilizopimwa kwa kuwaka na kuzima mara 50,000. Ikiamka kila dakika kumi ni mara 144 kwa siku, na kiwango hicho kinaisha kabla ya mwaka. Ikiamka mara nne kwa siku, hata mara 1,500 kwa mwaka haifiki.

Kama diski haitaki kulala, kuna anayeiamsha. Ingia kwenye diski yenyewe, mfano cd /mnt/d2, kisha endesha fatrace, inayoonyesha nani anagusa faili gani:

sudo fatrace -c

Iache ikimbie, usome majina ya mafaili yanayoguswa. Mara nyingi utamkuta smartd, programu inayokagua afya ya diski kila baada ya dakika 30. Mwambie aiache iliyolala, kwenye /etc/smartd.conf:

DEVICESCAN -n standby,24,q

Hapo ataruka ukaguzi hadi mara 24, yaani saa 12, kisha ataikagua hata kama imelala, jambo ambalo nalitaka. Anafuata updatedb, anayeorodhesha mafaili yote ya mashine; ongeza /mnt na /hifadhi kwenye PRUNEPATHS ya /etc/updatedb.conf. Weka noatime kwenye kila diski ili kusoma faili kusisababishe kuandika. Na kama diski ni mpya na fatrace haionyeshi kitu huku taa inapepesa, huenda ni ext4lazyinit anayemalizia kuumba ext4 taratibu. Mvumilie, atamaliza mwenyewe.

Mwamshaji mkubwa kuliko wote ni laptopu ya Windows. Mtu akifungua folda kutafuta harusi, Windows inasoma kila video ili itengeneze kijipicha chake. Kwa hiyo kila baada ya kuhamisha kazi tunaandika orodha:

find /hifadhi -type f > /kazi/orodha.txt

Anayetafuta jina la familia anatafuta humo, SSD inajibu papo hapo, halafu anafungua folda moja tu. Waelezeni mapema pia wahariri kwamba diski iliyolala huchukua kama sekunde kumi kuamka. Kijana wetu alinipigia, "Dada, shikamoo, seva imekufa." Nikamwambia, "Marahaba mdogo wangu, hesabu mpaka kumi na tano kwanza." Kabla hajamaliza, video ikafunguka.

Pariti tunaitunza kwa programu ya SnapRAID, na diski yake huguswa wakati wa sync (kuandika pariti mpya) na scrub (kusoma data kuikagua) tu. Jumamosi baada ya rsync, hati yetu ya amri (script) inaendesha snapraid sync, kisha snapraid scrub ya sehemu ndogo, kisha snapraid down, na diski zote zinalala bila kusubiri saa moja. Usiifute hiyo scrub kwa ajili ya kuokoa umeme. Diski isiyosomwa kwa muda mrefu inaweza kuwa na sekta mbovu usiyoijua, na utaijua siku familia imekaa kwenye benchi inasubiri.

Kuangalia hali bila kuiamsha diski:

sudo hdparm -C /dev/sdb

Jibu la standby maana yake imelala. Baada ya wiki moja endesha smartctl -n standby -A /dev/sdb wakati diski iko macho, ulinganishe Start_Stop_Count (mara ilizowaka na kuzima) na Load_Cycle_Count (mara ilizoegesha vichwa) na za wiki iliyopita. Start_Stop_Count ikipanda zaidi ya kumi kwa siku, rudi kwenye fatrace umtafute mwamshaji, na wakati unamtafuta peleka spindown_time hadi 244. Load_Cycle_Count ikipanda kwa mamia kwa siku ilhali Start_Stop_Count imetulia, diski inaegesha vichwa kila sekunde chache. Jaribu hdparm -B 254, inayoiambia diski isikimbilie kuokoa umeme.