Ulipunguzwa Tumbo, Sasa Una Mimba na Mzani Unapanda

Mimi ni fundi cherehani, Tabata, Dar es Salaam. Tepu huwa shingoni kwangu tangu nafungua ofisi hadi nafunga, na kiuno changu nakijua kwa sentimita. Niliposafiri kwenda India kupunguzwa tumbo nilikuwa na kilo 124. Nilifanyiwa slivu, yaani wanaondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula, kinabaki kijimfuko chembamba mfano wa ndizi. Miezi 16 baadaye nilikuwa na kilo 79, na hapo ndipo nikashika mimba niliyoisubiri miaka sita.

Wiki ya 16, kliniki, muuguzi alisoma mzani kwa sauti foleni nzima ikasikia: "Themanini na mbili." Nilifika nyumbani nikalia. Kila kilo niliyoipunguza naijua ilivyonigharimu, na sasa zilikuwa zinarudi. Nikaanza kujinyima. Asubuhi kikombe cha uji, usiku nusu parachichi, basi. Wiki ya 20 mzani ulisoma 81 na mimi nikafurahi, mpaka majibu ya damu yalipotoka: HB, yaani kiwango cha damu, 8.6, damu ilikuwa imepungua. Daktari alifunga mlango, akaniuliza kwa upole, "Mama, unakula nini?" Naandika haya kwa ajili ya dada ambaye leo yuko kwenye zile wiki zangu nne.

Anza kwa kujua kilo hizo ni za nini. Mtoto aliyetimia ana kama kilo 3 na robo. Kondo la nyuma ni zaidi ya nusu kilo, maji ya uzazi karibu kilo 1, na mji wa mimba wenyewe nao unafika kilo 1. Damu yako inaongezeka kama kilo moja na nusu, maji ya mwilini yanakaribia hapo hapo, na matiti yanachukua nusu kilo au zaidi. Jumlisha: tayari ni kilo 9 hivi, na mafuta bado hatujayataja. Mimi nilikuwa nazipiga vita kilo ambazo nyingi hazikuwa mafuta.

Sasa tafuta kipimo chako cha BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Chukua uzito ulioshika nao mimba, na narudia, ulioshika nao mimba, si ule wa kabla ya upasuaji. Ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.64, kwa hiyo 79 gawanya kwa 2.69, napata 29.4. Madaktari wengi hutumia mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009: aliye kati ya 18.5 na 24.9 aongezeke kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, wa 30 na kuendelea, kilo 5 hadi 9. Aliye chini ya 18.5 anahitaji 12.5 hadi 18. Andika namba yako nyuma ya kadi ya kliniki. Mimi nilijumlisha 79 na 7, kisha 79 na 11.5, nikaandika "86 hadi 90.5" kwa kalamu nyekundu, na siku ile ile mzani wa nyumbani nikampa jirani anitunzie. Nikawa napimwa kliniki tu.

Ukiwa kwenye mzani huo wa kliniki, kuna mambo mawili ya kuangalia. Uzito ukiruka ghafla ndani ya siku chache, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma sana au ukaona vimulimuli, hayo si mafuta, inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na uzito usipopanda kabisa mahudhurio mawili mfululizo baada ya nusu ya mimba, omba ultrasaundi ya kuangalia ukuaji. Sisi tuliopunguzwa tumbo tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa watoto wenye uzito mdogo, na kwangu hilo ndilo la kuogopa kuliko kilo mbili za ziada.

Chakula ndipo penye kazi. Ukiambiwa "kula kwa ajili ya wawili" na tumbo lako linabeba kisosi kimoja, unaweza kukata tamaa. Usikate. Sahani yangu ilikuwa kisosi kweli, kile cha maua cha kuwekea kikombe, na nilikijaza mara sita kwa siku. Protini inatangulia kila mara, kwa sababu ukianza na wali tumbo linajaa kabla hujagusa samaki. Lengo ni angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo usitegemee mayai peke yake. Siku yangu ilikuwa hivi: saa 1 asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, saa 4 mtindi usio na sukari, saa 7 mchana kipande cha samaki kwanza, halafu matembele, halafu matonge mawili ya ugali kama nafasi ipo, saa 10 maharage au korosho, saa 1 usiku kuku au dagaa, kabla ya kulala uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa. Maji nilikunywa katikati ya milo, nikisubiri nusu saa baada ya kula.

Kilo za bure, na zipo, huingia kwa vitu laini na vitamu vinavyoteleza bila kushibisha. Soda, juisi ya miwa, aiskrimu, uji wenye vijiko vitano vya sukari. Mimi soda iliniadhibu papo hapo: jasho, moyo kwenda mbio, miguu kuishiwa nguvu. Waliofanyiwa baipasi, ule upasuaji mwingine ambao chakula kinarukishwa sehemu ya utumbo, wanaipata hali hiyo zaidi. Kwa sababu hiyo, ukiambiwa unywe ile glukosi ya kupimia kisukari cha mimba, mwambie daktari kwanza kuhusu upasuaji wako. Anaweza kukupa kipimo cha kutoboa kidole, ujipime nyumbani kwa wiki moja, kati ya wiki ya 24 na 28.

Kuhusu udongo, nitasema wazi. Niliula. Vile vijiti vya kijivu vinavyouzwa sokoni kwenye vifuko vya nailoni, vina harufu ya mvua ya kwanza, na nilikuwa navitafuna huku nakata vitambaa. Hamu hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo unazidi kuzama. Ukiona unautamani, usione haya. Sema kliniki, wapime damu.

Vidonge usiviache hata ukiona umeshiba navyo. Vile vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, kwa mtu aliyepunguzwa tumbo, huenda visitoshe. Mimi niliongezewa chuma, nikachomwa sindano za B12, nikapewa kalsiamu na vitamini D. Chuma na kalsiamu viachane angalau saa 2, na chuma usikimeze na chai. Vitamini A iwe ya aina ya betakarotini, na maini, pamoja na utamu wake, yasiwe chakula cha kila wiki. Omba vipimo vya damu kila miezi mitatu: HB, feritini (akiba ya chuma mwilini), B12, foliki, vitamini D. Ukitapika siku nyingi mfululizo, nenda uwaambie una historia ya upasuaji, maana vitamini B1 huisha upesi na inapaswa kutangulia dripu ya sukari. Na mliofanyiwa baipasi: maumivu makali ya tumbo yasiyoisha si ya kusubiri asubuhi, utumbo unaweza kuwa umenasa. Nendeni kwenye hospitali yenye madaktari wa upasuaji.

Halafu kuna maneno ya watu. Wifi yangu aliniangalia nikiwa wiki ya 24 akasema, "Hela zote zile za India, na unanenepa tena." Siku hiyo nilimjibu bila hasira: "Wifi, kilo za humo ni za mwanao." Hakurudia. Sikuwa na namna nyingine ya kumweleza, na nadhani ndiyo iliyoeleweka.

Nilimaliza na kilo 91, nusu kilo juu ya namba yangu nyekundu. Mtoto wa kike, kilo 3.1. Baada ya kujifungua kilo 5 hivi ziliondoka mara moja. Mama mkwe, Mchaga, alikuja na sufuria ya mtori. Nilimwomba, "Mama, naomba nyama iwe nyingi kuliko ndizi, na unipakulie kwenye kisosi, nitarudi tena." Alirudi kunipakulia mara nne kwa siku, kwa furaha. Usikimbilie kurudi kwenye ile lishe ya majimaji ya baada ya upasuaji wakati unanyonyesha. Mtoto anachukua B12 yake kwenye maziwa yako, kwa hiyo vidonge na sindano vinaendelea. Mambo ya kupunguza uzito tuliyazungumza na daktari nilipomaliza wiki ya sita.

Nguo zangu za kilo 79 nilizifunga kwenye mfuko nikaziweka juu ya kabati. Kabla ya arobaini nilijipima upya mbele ya kioo: kifua 112, kiuno 101, nyonga 118. Nikachukua kitenge cha bluu, nikakata kwa vipimo hivyo hivyo, nikaweka lastiki nyuma na zipu mbili kifuani za kunyonyeshea.