Waifai inayokatika unapochomeka diski ya nje
Ikiwa waifai ya kompyuta yako hukatika hasa unapochomeka diski ya nje, kama yangu ilivyofanya kwa wiki kadhaa nikiilaumu ruta bure, ihamishie kompyuta hiyo kwenye bendi (masafa ya redio) ya 5 GHz. Vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake, hasa zisizokingwa vizuri, hutoa kelele za redio zinazoangukia karibu na 2.4 GHz, bendi nyingine ya waifai, na antena ya waifai iliyo jirani huzidiwa. Ruta isiyo na 5 GHz inakulazimu kuisogeza diski mbali kwa waya mrefu zaidi. Mbinu ya kuhamia 5 GHz haifai pale ruta ilipo nyuma ya kuta kadhaa nene, kwa kuwa 5 GHz huzipenya kwa shida, wala pale simu nazo zinapopoteza mtandao wakati huohuo, kwani hapo huenda tatizo si diski.